Bodaboda Miaka 30, Mwenye Mzigo Hajulikani



Wiki iliyopita nilikuwa mahakamani. Najua mkisikia mmoja wetu yuko mahakamani mnadhani ni kusanyiko lisilo halali au uchochezi, maana hizo ndizo kesi tulizozizoea. Safari hii haikuwa siasa. Nilikwenda kusikiliza hukumu ya dogo mmoja wa kijiweni kwetu, bodaboda, umri miaka 22. Kosa: kusafirisha dawa za kulevya. Adhabu: miaka 30 jela.

Jina lake silitaji kwa sababu familia bado inahangaika na rufaa. Ila kisa chake nakisema chote, na kila mwenye ndugu anayeendesha bodaboda asome.

Jioni moja yupo stendi anasubiri abiria. Jamaa kashuka kwenye basi la mkoani na sandarusi moja, akamwambia dogo ampelekee mzigo kituo cha mafuta cha mbele, kuna mtu atampokea, namba yake hii hapa. Nauli elfu tano, akalipwa papo hapo. Kwa safari ile nauli ya kawaida ni elfu mbili. Upande wa mashtaka uliing'ang'ania sana hiyo elfu tatu ya ziada: kwa nini ulipewa nyingi kama hukujua? Hivi nani hapa kijiweni amewahi kukataa elfu tatu ya ziada? Dogo kafunga sandarusi nyuma kwa mpira, kaondoka. Hakufika. Askari wakamsimamisha, wakafungua, bhangi kilo 11 na ushee.

Akawapa ile namba. Ikapigwa mara moja, haipatikani. Basi, hadithi ya ile namba ikaishia hapo, mpaka siku ya hukumu hakuna shahidi hata mmoja aliyesema ilikuwa ya nani.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nchi hii tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa. Tulipanga foleni juani, bibi zetu vidole vimechakaa kwa jembe mashine haivisomi, wakarudishwa mara tatu mara nne. Tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama, wahalifu watajulikana. Haya. Kijana akiandika neno la kumuudhi kiongozi mtandaoni, wanajua laini ni ya nani, analala chumba gani na mlango unafungukia wapi. Lakini namba ya mwenye kilo 11 za bhangi imewashinda! Haijawashinda. Hawakuitafuta, kwa sababu hawakuwa na haja nayo. Sheria ilishawapa mtu wa kumfunga.

Tuizungumze hiyo sheria sasa, maana wengi tunaisikia tu kwenye taarifa ya habari.

Inaitwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Ilitungwa 2015 kuchukua nafasi ya ile ya 1995, ikaunda Mamlaka yenye nguvu ya kukamata na kupeleleza, ile tunayoiita DCEA. Mwaka 2017 Bunge likaifanyia marekebisho na kuikaza zaidi. Mnajua wenyewe Bunge letu linavyokaza mambo: wanaoafiki waseme ndiyo, NDIYOOO, waliosema ndiyo wameshinda, twende kifungu kinachofuata. Baada ya hapo, ukisafirisha heroini au kokeni zaidi ya gramu 200, ni kifungo cha maisha. Gramu 200 ni pungufu ya ile robo kilo ya sukari unayopimiwa kwa Mangi. Chini ya hapo kifungo kinachotajwa ni miaka 30. Kwa bhangi na mirungi mizani ni ya kilo badala ya gramu, ila mpango ni uleule: ukivuka kiwango, maisha, usipovuka, miaka 30.

Wanasheria wanabishana kuhusu neno moja la Kiingereza kwenye kifungu cha hiyo miaka 30, kama linamfunga hakimu mikono au linampa nafasi ya kupunguza. Wabishane. Sisi tunaofuatilia hukumu tunasikia 30, 30, 30. Dogo wa sandarusi moja, 30.

Lakini makamanda, ukali wa adhabu kwangu si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni neno lenyewe, KUSAFIRISHA.

Mimi na wewe tukisema kusafirisha tunajua tunasema nini. Kitu kinatoka Tarime kinakwenda Mwanza, kinatoka Tanga kinakwenda Mombasa. Kuna anayekituma, anayekibeba na anayekipokea. Sasa fungua sheria usome tafsiri yake. Kusafirisha kumewekwa ndani yake kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kutoa bure, kuhifadhi, kutengeneza, kubeba, kusambaza na kuwa nacho tu. Kuwa nacho! Yaani mtu anaweza kuwa amelala kwake, hajatoka hata kwenda chooni, mzigo upo chini ya kitanda, akasomewa shtaka la kusafirisha. Kipo kifungu cha pembeni kwa mwenye kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, sawa, lakini kiasi chenyewe ni kidogo kwelikweli na kazi ya kuonyesha kuwa ni cha kuvuta mwenyewe si nyepesi kwa mtu asiye na wakili.

Matokeo yake ni nini? Aliyekodi jahazi, mlinzi wa godauni, dada aliyemezeshwa pipi apande nazo ndege, bodaboda wa elfu tano, wote wanaingia kwenye neno moja na kutoka na adhabu moja. Sheria inauliza kilo ngapi. Haiulizi wewe ulikuwa nani kwenye biashara hii, ulipata shilingi ngapi, ulijua nini, nani alikutuma. Ukishasema sheria inapima kilo, basi atafungwa yule aliyekutwa na kilo. Na mwenye mali hakutwi na kilo hata siku moja! Ndiyo maana anaitwa mwenye mali. Yeye anakutwa na nyumba, vituo vya mafuta, malori na harambee za msikiti na kanisa.

Kwenye biashara hii kuna mapapa na kuna dagaa, na wavu wetu umefumwa kwa matundu ya ajabu, dagaa wananasa papa anapita.

Nataka niwe mkweli, maana hatujengi hoja kwa uongo. Yapo makubwa yaliyokamatwa. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, shehena iliyotajwa wakati ule kuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kukamatwa nchini. Hongera yao, nasema bila kinyongo. Hizo ni tani tatu zisizofika Kinondoni wala Tanga kuua vijana wenzetu. Lakini tani tatu haziji kwa bodaboda. Heroini inayofika pwani yetu inatoka Afghanistan, inashushwa pwani ya Makran huko Iran na Pakistani, inavuka bahari kwa majahazi. Mtu anayeweza kuleta hiyo ana mtaji, ana akaunti, ana watu bandarini, ana wa kumpigia simu usiku akapokea. Fedha ya ukubwa huo haifichwi chini ya godoro. Inapita benki, inanunua viwanja, inaingia kwenye kampeni. Ifuateni hiyo fedha basi.

Na mnakumbuka Julai 2013. Wasichana wawili wa Kitanzania walikamatwa uwanja wa O.R. Tambo, Afrika Kusini, na mabegi yaliyoripotiwa kubeba kilo 150. Mabegi yale hayakuota njiani, yalipita uwanja wa Julius Nyerere, kwenye mashine, mbele ya macho ya watu wanaolipwa mshahara. Nchi nzima ikajadili sura za wale wasichana, nguo zao na picha zao. Mwenye kilo 150 tulimjadili siku mbili, tukachoka.

Najua watakaokuja hapa kutoka Lumumba wameshaanza kuandika: "Upinzani watetea wauza unga." Karibuni. Mimi nimekulia mtaa wenye mateja. Rafiki yangu tuliyesoma naye madawati ya mbele tulimzika akiwa na miaka 26, mkono wake umejaa makovu ya sindano. Yule mwingine yupo hai kwa sababu ya metadoni, anakunywa dozi yake kila asubuhi, ana mke na mtoto. Huduma ile ilianza Muhimbili 2011 na ni moja ya mambo mazuri ambayo serikali hii imewahi kufanya, nasema tena bila kinyongo. Kwa hiyo msinifundishe unga unafanya nini. Ninayemtaka mimi ndani ni yule aliyemtajirisha unga wakati rafiki yangu anaoza. Nyie mmeniletea dogo wa sandarusi, mnataka nipige makofi.

Tena hapo ni bhangi. Kwa mirungi ndiyo utachoka kabisa. Kenya mirungi, wao wanaita miraa, imewekwa kwenye orodha ya mazao rasmi tangu 2016. Mkulima wa Meru anaivuna, inapakiwa kwenye magari yanayokimbia kama gari la wagonjwa, serikali yao inaihangaikia soko nje kama sisi tunavyohangaikia korosho. Majani hayohayo yakivuka kibao cha mpaka pale Tarakea au Namanga yanageuka kuwa miaka 30. Kuna wazee wa Same kule milimani waliokuta babu zao wanayalima. Sisemi turuhusu mirungi, hilo ni jambo la kujadili na mimi mwenyewe siitafuni. Nasema kijana wa mpakani anayeona jirani yake upande wa pili anauza kwa risiti, wewe unamfunga mpaka nywele ziote mvi, halafu unaandika jina la kosa lake kwa neno lilelile uliloandika kwa mwenye tani tatu. Hapo kuna akili gani?

Turudi kwa dogo, maana kabla ya hukumu kulikuwa na mwaka na miezi miwili ya mahabusu. Kwa kilo zake dhamana ilikuwepo, kwenye karatasi. Masharti yalitaka wadhamini wawili, mmoja mtumishi wa umma, na hati ya mali isiyohamishika. Mama yake anauza vitumbua, nyumba ni ya kupanga. Hati ataitoa wapi? Wenye kilo nyingi wao hata hiyo karatasi hawaipati, sheria imewafungia dhamana kabisa. Wanapandishwa kizimbani, wanaambiwa wasijibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na upelelezi haujakamilika. Wiki mbili baadaye, upelelezi haujakamilika. Sikukuu ya Idi imepita, Krismasi imepita, upelelezi haujakamilika. Unajiuliza, upelelezi gani huo, na mzigo mnao na mtu mnaye? Na kama mnampeleleza aliyemtuma, mbona hatumwoni? Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Miaka imepita, na wimbo mahakamani bado ni uleule.

Kuna wengine huwa wanatoka kwenye rufaa. Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwa sababu karatasi za kielelezo hazieleweki: nani alikamata, nani alitunza, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu, muhuri ulivunjwa na nani. Wasomi wanaita mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Fikiria umekaa ndani miaka sita ndipo unaambiwa mnyororo ulikatika tangu siku ya kwanza. Kama kweli hukuwa na hatia, miaka sita hairudi. Kama ulikuwa na hatia, umetoka unacheka. Uzembe uleule unamuumiza asiye na kosa na kumwokoa mwenye kosa, halafu dawa wanayotuletea kila mwaka ni kuongeza adhabu.

Msamaha wa Rais nao usiutegemee. Sikukuu ya Muungano ikifika, tangazo likisomwa, subiri ile aya ya wasiohusika: wa dawa za kulevya utawasikia humo karibu kila mara, bila kuuliza huyu alikuwa na jahazi au alikuwa na pikipiki.

Sasa neno letu sisi wenyewe, na hapa najua kuna wakubwa kwenye chama hawatafurahi.

Februari 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alisimama mbele ya kamera akasoma majina ya watu anaotaka waripoti polisi kuhusu dawa za kulevya. Wasanii, mfanyabiashara, askofu, na Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani bungeni. Tuliwaka moto. Tukasema mtu hahukumiwi kwenye kamera, tukasema ushahidi uko wapi, tukasema vita ya dawa imegeuzwa rungu la kisiasa. Tulikuwa sahihi mia kwa mia. Mbowe alikwenda Mahakama Kuu kupinga, na hakuna siku alifikishwa kizimbani kwa dawa za kulevya.

Lakini mwaka huohuo sheria ilikazwa kwa akina dogo. Tulisema nini? Mimi nilikuwa katibu wa tawi wakati huo. Nakumbuka nilisimama kwenye kikao cha ndani nikasema adhabu ziongezwe, ikiwezekana wanyongwe, nikapigiwa makofi. Nilidhani nawasema mapapa. Kumbe nilikuwa namsema mtoto wa Mama vitumbua. Alipoguswa mwenyekiti tuliijua haki ya mtuhumiwa mpaka vifungu vya Katiba tukavitaja kwa kichwa. Akiguswa bodaboda tunasema sheria ifuate mkondo wake. Hiyo siwezi kuendelea nayo.

Kwa hiyo napeleka hoja kwenye baraza la vijana, na nataka iingie kwenye ilani. Neno kusafirisha lipasuliwe. Mwenye mali awe na kosa lake, na hilo libaki na adhabu kali kabisa, sitatoa chozi. Mbebaji awe na kosa lake, na hakimu apewe nafasi ya kupima: alijua nini, alilipwa nini, alilazimishwa, alitoa ushirikiano. Anayemtaja aliyemtuma, na taarifa zake zikafuatiliwa zikaonekana za kweli, adhabu yake ipungue kwa maandishi, isiwe hisani ya mtu. Mwendesha mashtaka asiruhusiwe kufunga kesi ya mbebaji bila kuieleza mahakama amefanya nini kumtafuta mwenye mzigo, ile namba ya simu ilikuwa ya nani, basi lilikata tiketi kwa jina gani. Na upelelezi uwe na kikomo cha siku kwenye sheria, ukipita mtu atoke.

Kuna mwenzetu mmoja ameniambia hoja hii haina kura, wananchi wanataka wauza unga wasage meno. Inawezekana. Ila nenda kijiwe chochote cha bodaboda kesho asubuhi uulize wangapi wamewahi kubeba mzigo wa mtu bila kuufungua. Watanyoosha mkono wote. Wale ni wapiga kura pia, na ni wengi kuliko wajumbe wa mkutano mkuu.

Siku ya hukumu, baada ya karandinga kuondoka, nilimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi, kibegi cha nguo za mwanawe mapajani, maana alikuja nazo akiamini anaondoka naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Hiyo miaka thelathini, wanahesabu mchana na usiku mbalimbali?"

Mnaijua hiyo imani ya mitaani, kwamba jela siku moja ni mbili. Nikamwambia, mama, hapana, wanahesabu kama sisi. Labda atapunguziwa theluthi kwa tabia njema, labda rufaa itasikilizwa. Akanyamaza. Halafu akaniuliza la pikipiki. Ilikuwa ya mkataba, imebaki kielelezo, na mwenye nayo anakuja kila Jumamosi kudai hesabu yake.

Tumechanga kijiweni, wakili amepatikana, notisi ya rufaa imeshapelekwa. Mwenye chochote amtafute katibu wa vijana wa kata. Na kama una ndugu aliye ndani kwa shtaka hili la kusafirisha, tuandikie wilaya, aina ya mzigo, kilo, alikaa mahabusu muda gani, na kama aliyemtuma aliwahi kutafutwa. Majina msiweke. Baraza linakaa mwisho wa mwezi, nataka niingie na hayo makaratasi mkononi.